Je, Wajua? Msamba Huandaliwa Kabla ya Uchungu Kuanza

Mjamzito akienda kliniki hupimwa wingi wa damu, shinikizo la damu na kimo cha mimba. Hupewa vidonge vya kuongeza damu, chandarua na sindano ya pepopunda, kisha huelezwa dalili za hatari na vyakula vinavyomfaa. Lakini ile sehemu ya mwili itakayovutika kuliko zote mtoto anapotoka mara nyingi hupitwa kimya, kwa kuwa kuitaja huonekana ni utovu wa adabu. Ndiyo maana wanawake wengi husikia habari za kuchanika siku ile ile wanaposhonwa. Haya hapa ni mambo ambayo kila mwanamke anayetarajia kujifungua, na kila anayemtunza, anastahili kuyajua mapema.

Kuchanika ni kawaida, kuumia vibaya si kawaida

Je, wajua kwamba Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza hukadiria kuwa hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mchubuko, mchaniko au kuongezewa njia kwa mkato?

Panapochanika zaidi ni kwenye msamba, yaani nafasi fupi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Wauguzi na madaktari huigawa michaniko hiyo katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni la ngozi tu, na mara nyingi hupona bila kushonwa. La pili hufika kwenye misuli ya msamba, nalo hushonwa kwa ganzi palepale chumba cha kujifungulia. La tatu hugusa msuli unaobana haja kubwa, na la nne hupita hadi kwenye utando wa ndani wa njia hiyo. Haya mawili ya mwisho ndiyo yanayoweza kumwachia mama tatizo la kushindwa kuzuia upepo au choo, na hushonwa na mtaalamu katika chumba cha upasuaji. Kwa takwimu za Uingereza, huwapata takriban wanawake 6 kati ya 100 katika uzazi wa kwanza, na chini ya 2 kati ya 100 miongoni mwa waliokwisha kujifungua kwa njia ya kawaida.

Kuna msuli unaovutika zaidi ya mara tatu

Je, wajua kwamba mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitumia kompyuta kukadiria jinsi misuli ya sakafu ya nyonga inavyovutika kichwa cha mtoto kinapopita, wakakuta sehemu mojawapo huvutika hadi mara 3.26 ya urefu wake wa kawaida?

Kichwa kilichoinama vizuri, kidevu kikiwa kimegusa kifua, hupita kwa kipenyo cha takriban sentimita 9.5. Mwili wa mjamzito hujiandaa kwa kazi hiyo: damu huongezeka kwenye nyonga, na nyama za njia ya uzazi hulainika. Hata hivyo uwezo huo una mpaka, na baadhi ya mambo huusogeza mpaka huo karibu. Uzazi wa kwanza ni mojawapo. Mengine ni mtoto mwenye uzito wa kilo 4 au zaidi, mtoto anayetoka uso ukielekea juu, bega lililokwama, kusukuma kwa muda mrefu, na kuzalishwa kwa koleo. Mengi kati ya hayo hayamo katika uwezo wa mama, kwa hiyo mwanamke aliyechanika asiambiwe kwamba hakujua kusukuma.

Dakika kumi kwa siku zilileta tofauti Quebec

Je, wajua kwamba jaribio kubwa la kuukanda msamba kabla ya uchungu lilifanyika katika jimbo la Quebec, Kanada, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1999?

Daktari Michel Labrecque na wenzake waliandikisha wanawake 1,527. Walipigiwa kura ya bahati nasibu: nusu walifundishwa kuukanda msamba kwa dakika 10 kila siku kuanzia wiki ya 34 au 35 ya mimba, na nusu hawakukanda. Miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kujifungua kwa njia ya kawaida, waliokanda walimaliza uzazi na msamba mzima kwa asilimia 24.3, na wasiokanda kwa asilimia 15.1. Miongoni mwa waliokwisha kujifungua, tofauti ilikuwa ndogo mno: asilimia 34.9 kwa 32.4.

Miaka miwili kabla ya hapo, jaribio jingine lilifanyika Watford, Uingereza, kwa wanawake 861 wa uzazi wa kwanza. Huko pia waliokanda walipata nafuu, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye umri wa miaka 30 na kuendelea.

Wanawake 15 wakikanda, mmoja huepuka kushonwa

Je, wajua kwamba kwa kila wanawake 15 wanaoukanda msamba mwishoni mwa mimba, mmoja ambaye angeshonwa hashonwi?

Hesabu hiyo ilitolewa na mtandao wa kitabibu wa Cochrane mwaka 2013, baada ya kuunganisha majaribio manne yenye wanawake 2,497. Kwa kuongezewa njia, mmoja huokoka kwa kila 21. Faida hiyo ilionekana kwa wale tu ambao hawakuwahi kujifungua kwa njia ya kawaida. Uchambuzi huo haukuona kwamba kukanda kabla ya uchungu kunapunguza michaniko ya daraja la tatu na la nne.

Basi mjamzito aambiwe ukweli wote. Kukanda si kinga kamili, na aliyekanda akachanika hakukosea popote. Lakini ni jambo lisilogharimu chochote zaidi ya mafuta ya nyumbani na dakika chache, nalo limepimwa kwa majaribio ya kweli. Hatua za namna hiyo katika ujauzito ni chache, na kumnyima mama habari zake si haki.

Kukanda kila siku hakukuzidi kukanda mara moja au mbili kwa wiki

Je, wajua kwamba katika uchambuzi huo huo wa Cochrane, wanawake waliokanda kwa wastani usiozidi mara moja na nusu kwa wiki ndio waliofaidika zaidi? Uwezekano wao wa kupata jeraha la kushonwa ulipungua kwa asilimia 17. Kwa waliokanda kati ya mara 1.5 na 3.4 kwa wiki ulipungua kwa asilimia 8, na kwa waliozidisha hapo faida haikuonekana waziwazi. Kwa hiyo mama aliyechoka na kazi za mchana, anayeona vigumu kukanda kila usiku, asikate tamaa. Jioni moja au mbili kwa wiki zatosha.

Aliyekwisha kuzaa naye ana fungu lake

Je, wajua kwamba katika uchambuzi huo, waliowahi kujifungua kwa njia ya kawaida wakakanda msamba, ingawa hawakupungukiwa na kushonwa, waliripoti maumivu machache zaidi ya msamba miezi mitatu baada ya uzazi? Uwezekano wao wa kuwa na maumivu wakati huo ulikuwa chini ya nusu ukilinganishwa na wa wasiokanda. Maumivu ya miezi mitatu ni maumivu ya kukaa, ya kunyonyesha, ya kubeba ndoo na ya tendo la ndoa, na kuyapunguza ni kumrudishia mama maisha yake.

Namna ya kukanda

Je, wajua kwamba zoezi lenyewe hujifunzwa kwa siku moja? Kwanza mwulize mkunga au daktari wako kama mimba yako haina kizuizi. Ukisharuhusiwa, fuata hatua hizi kuanzia wiki ya 34 au 35:

- Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni na ujisafishe. Kuoga maji ya uvuguvugu kwanza husaidia misuli kulegea.
- Nenda haja ndogo, kisha kaa nusu umeegemea mito, magoti yamekunjwa na kupanuliwa. Wengine hupendelea kusimama, mguu mmoja ukiwa juu ya kigoda.
- Paka mafuta kwenye vidole gumba na kwenye msamba.
- Ingiza kidole gumba kimoja au viwili ndani ya uke kwa kina cha sentimita 3 hadi 4, si zaidi.
- Bonyeza chini kuelekea njia ya haja kubwa, kisha pembeni, hadi uhisi mvuto na mwasho mdogo kama ule wa kuvuta pembe za mdomo kwa vidole viwili. Tulia hapo kwa dakika moja au mbili, ukipumua taratibu.
- Kisha sogeza vidole upande mmoja hadi mwingine kwa mwendo wa nusu duara la chini, bila kupandisha juu panapotokea mkojo.
- Endelea kwa dakika 5 hadi 10. Mvuto unaruhusiwa, maumivu makali hayaruhusiwi. Yakitokea, acha.

Tumbo likiwa kubwa kiasi cha mikono kutofika, mume anaweza kusaidia kwa vidole vya shahada vilivyo safi, mradi mke ameridhia na ndiye anayesema ongeza au punguza. Mume anayejifunza hivi hufahamu mapema mwili wa mkewe unaelekea wapi, na baada ya uzazi huelewa kwa nini kitanda kinahitaji subira.

Wiki za kwanza mvuto huwa mkali zaidi, na kadiri siku zinavyokwenda hupungua. Wanawake wengi husema faida nyingine ni kuizoea ile hali ya kuungua wakati kichwa kinapotokeza, wasishtuke na kukaza misuli.

Mafuta ya jikoni yanatosha, ila yana adui mmoja

Je, wajua kwamba mafuta ya nazi, ya ufuta, ya alizeti au ya zeituni, yakiwa safi na hayajapikiwa, yanafaa kwa kazi hii? Hayana haja ya kununuliwa duka la dawa. Epuka mafuta yenye manukato, krimu za ngozi, mafuta ya mgando ya kujipaka na dawa za kusugua zenye mchaimchai au pilipili, maana huchoma utando wa uke.

Adui wa mafuta hayo ni mpira wa kondomu. Mafuta ya aina yoyote hudhoofisha kondomu za mpira wa kawaida, nazo hupasuka kwa urahisi. Kwa wanandoa wanaotumia kondomu wakati wa mimba ili kumkinga mama na mtoto dhidi ya virusi vya ukimwi au magonjwa mengine ya zinaa, hili si jambo dogo. Wao watumie kilainishi cha maji, kama kile kinachotolewa pamoja na kondomu katika vituo vingi vya afya.

Si kila mjamzito anapaswa kukanda

Je, wajua kwamba kuna wanaokatazwa kabisa? Usikande kabla ya wiki ya 34. Usikande ikiwa chupa imepasuka, ikiwa unatoka damu ukeni, ikiwa umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini na kuziba mlango wa kizazi, au ikiwa kuna dalili za uchungu wa mapema. Subiri pia ukiwa na fangasi, vidonda, malengelenge ya sehemu za siri au maambukizi yoyote, hadi utibiwe na kupona.

Tena tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa jina. Kukanda msamba si kukanda tumbo. Kulisukuma tumbo la mjamzito kwa nguvu ili kumgeuza mtoto kunaweza kubandua kondo la nyuma na kuhatarisha maisha ya wawili. Na kuingiza shabu, majani au unga wa aina yoyote ukeni kwa nia ya kulainisha njia hakuna faida iliyothibitishwa, ila huleta vidonda na maambukizi.

Kitambaa cha maji ya uvuguvugu hufanya kile ambacho kukanda kabla ya uchungu hakufanyi

Je, wajua kwamba kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa kwenye msamba wakati wa kusukuma hupunguza michaniko mikubwa? Mwaka 2007, Hannah Dahlen na wakunga wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha jaribio lililohusisha wanawake 717 wa uzazi wa kwanza. Idadi ya waliohitaji kushonwa haikubadilika, lakini waliowekewa kitambaa walipata michaniko michache ya daraja la tatu na la nne, na maumivu yao yalikuwa nafuu.

Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017 ulithibitisha jambo hilo. Kitambaa cha uvuguvugu, na vilevile kukandwa msamba na mkunga wakati wa kusukuma, kila kimoja kilipunguza michaniko mikubwa kwa takriban nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, WHO, likaziweka mbinu hizo katika mwongozo wake wa huduma za uzazi, kwa kuzingatia ridhaa ya mama na vifaa vilivyopo. Kinachohitajika ni birika, beseni, vitambaa safi na mkunga mwenye nafasi ya kukaa na mama mmoja. Hicho cha mwisho ndicho adimu kuliko vyote katika wodi zetu zilizojaa, na ni sababu nzito ya kuongeza wakunga.

Norwei ilipunguza michaniko mikubwa kwa kufundisha mikono

Je, wajua kwamba hospitali ya Fredrikstad nchini Norwei ilishusha michaniko mikubwa kutoka asilimia 4.03 hadi 1.17 ndani ya miaka michache? Wakati huo Ufini ilikuwa na michaniko michache kuliko majirani zake. Wanorwei wakawaalika wakunga wa Kifini wawafundishe: mkono mmoja kupunguza kasi ya kichwa, mwingine kuushika msamba, mama kuombwa aache kusukuma, badala yake apumue pumzi fupi fupi kichwa kinapotokeza. Matokeo ya kati ya mwaka 2005 na 2007 ndiyo yaliyoonyesha mafanikio hayo.

Lakini swali la mikono halijafungwa. Jaribio la Uingereza la mwaka 1998 lenye wanawake 5,471 lililinganisha wakunga walioshika msamba na walioacha mikono tayari bila kugusa, na michaniko haikutofautiana. Tofauti iliyokuwapo ilikuwa ya maumivu siku ya kumi: asilimia 31.1 kwa walioshikwa, asilimia 34.1 kwa wasioshikwa. Linalokubaliwa na wengi ni kwamba kichwa kitoke polepole, na kwamba mama aruhusiwe kuchagua mkao unaomfaa, ikiwemo kulala ubavu au kupiga magoti. Kumkalia au kumkandamiza mama tumboni ili mtoto atoke haraka, WHO haikupendekezi.

Kuongezewa njia kulienea kabla ya kupimwa

Je, wajua kwamba kuongezewa njia kulielezwa na mkunga wa kiume wa Dublin, Fielding Ould, katika kitabu chake cha mwaka 1742? Yeye alikusudia wale tu ambao mtoto amekwama mlangoni. Mwaka 1920, Daktari Joseph DeLee wa Chicago alipendekeza kuwa wanawake waongezewe njia kama desturi, akiamini mkato ulionyooka utazuia mchaniko mbaya. Rai hiyo ikaenea duniani. Mwaka 1979, zaidi ya asilimia 60 ya waliojifungua kwa njia ya kawaida nchini Marekani waliongezewa njia.

Ushahidi ulipokuja, ulisema kinyume. Mwaka 1993 jaribio la Argentina la wanawake 2,606 lililinganisha kuongeza njia kama desturi na kuongeza pale tu panapokuwa na sababu. Katika kundi la desturi, takriban asilimia 83 walikatwa, na katika kundi la pili asilimia 30. Michaniko mikubwa ilikuwa asilimia 1.5 kwa kundi la desturi na 1.2 kwa kundi jingine. Mkato wa desturi haukumkinga mtu. Leo WHO haipendekezi kumwongezea kila mama njia. Mkato unabaki kuwa msaada wa dharura, kwa mfano mapigo ya moyo wa mtoto yanaposhuka, na hufanywa baada ya mama kuelezwa, kukubali na kupigwa ganzi. Kufikia mwaka 2004, nchini Marekani kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 24.5.

Uzi wa hariri wa Salerno

Je, wajua kwamba kulinda na kushona msamba ni elimu ya kale? Soranus wa Efeso, tabibu wa karne ya 2 BK, aliagiza msaidizi aushikilie msamba kwa kitambaa cha kitani mama anaposukuma. Katika karne ya 12, maandiko ya tiba yanayohusishwa na Trota, mwanamke tabibu wa mji wa Salerno, Italia, yalieleza kushona mchaniko kwa uzi wa hariri, sehemu tatu au nne.

Makovu ya ukeketaji huongeza hatari

Je, wajua kwamba utafiti wa WHO uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 28,393 katika vituo 28 vya uzazi vya Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria, Senegal na Sudan? Waliokeketwa waliongezewa njia mara nyingi zaidi, walivuja damu zaidi na walifanyiwa upasuaji zaidi, na hatari ilikua kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa. Kovu halivutiki kama ngozi nzima. Mwanamke aliyekeketwa amweleze mkunga mapema, hasa akiwa amefungwa, kwa maana mpango wake wa kujifungua ni tofauti na kujikandia nyumbani pekee hakutamfaa.

Mchaniko usioonekana unaweza kuua

Je, wajua kwamba mfuko wa uzazi unaweza kubana vizuri na mama bado akavuja damu, kwa sababu ya mchaniko uliojificha ndani? Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la E-MOTIVE katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, lililogusa zaidi ya wanawake 200,000. Mama aliwekewa kitambaa chenye mfuko wa kupimia damu inayotoka, na ikizidi kiasi alipewa tiba zote kwa pamoja: kusuguliwa mfuko wa uzazi, dawa za kuubana, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani na kukaguliwa njia ya uzazi. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Ukaguzi ule wa taa na vidole unaomkera mama aliyechoka una thamani hiyo.

Fistula ina chanzo kingine

Je, wajua kwamba fistula nyingi za uzazi hazitokani na kuchanika? Hutokana na uchungu uliokwama siku nyingi, kichwa kikibana nyama za kibofu au za njia ya haja kubwa hadi zikafa kwa kukosa damu. Kukanda msamba hakuizuii. Inazuiwa na kufika kituoni mapema na kupata upasuaji kwa wakati. Hata hivyo mchaniko wa daraja la nne usioshonwa vizuri unaweza kuacha tundu la kupitisha choo ukeni. Mwanamke anayevuja mkojo au choo baada ya kujifungua anatibika, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam hutoa matibabu ya fistula bila malipo.

Baada ya kushonwa

Je, wajua kwamba chumvi si lazima katika beseni la kukalia? Jennifer Sleep na Adrian Grant walilijaribu hilo Uingereza, wakachapisha mwaka 1988 kwamba kuongeza chumvi hakukupunguza maumivu wala kuharakisha kupona. Maji safi yenyewe yaliwapa akina mama nafuu. Kwa hiyo jisafishe kwa maji safi, jikaushe kwa kupangusa, badilisha pedi mara kwa mara, kunywa maji na kula mboga na matunda ili choo kisiwe kigumu. Bibi au shangazi anayekuja kumkanda mzazi kwa maji ya moto afanye hivyo mgongoni na miguuni akipenda, lakini maji ya kuunguza yasiguse nyuzi.

Mazoezi ya kubana na kulegeza misuli ya nyonga, yaliyotangazwa na Daktari Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948, yaanze tangu mimba na yaendelee baada ya uzazi. Rudi hospitalini haraka ukiona homa, usaha, harufu mbaya, nyuzi zilizoachia, maumivu yanayozidi, au ukishindwa kuzuia upepo na choo. Usikae nalo ndani kwa haya, kwa sababu tatizo lililosemwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi.

Maswali matatu ya kuuliza kliniki

Je, wajua kwamba mama ana haki ya kuuliza na kujibiwa? Ukifika wiki ya 34, mwulize mkunga wako haya: je, mimba yangu inaruhusu kuukanda msamba? Je, hapa mna desturi ya kumwekea mama kitambaa cha uvuguvugu na kumwacha achague mkao? Na ikibidi niongezewe njia, nitaelezwa na kupigwa ganzi kwanza? Muuguzi anayeulizwa mara nyingi hukumbuka kuwaeleza na wengine walio kwenye benchi. Na wewe uliyekwisha kuzaa, mweleze mdogo wako, binti yako na mke wa mwanao. Ulilopata kulijua baada ya kushonwa, wao walijue miezi miwili kabla.